Mkono Wangu Haukufika Sikioni

Hivi wewe, uliandikishwaje shule? Usiniambie habari za cheti cha kuzaliwa, hicho umekipata ukubwani ulipokuwa unahangaikia kitambulisho. Nauliza ile mara ya kwanza kabisa. Meza imetolewa nje, mwalimu amekaa, watoto wamepangwa mstari, anakwambia pitisha mkono wa kulia juu ya kichwa ushike sikio la kushoto. Ukishika, umri umefika, unaandikwa. Usiposhika, rudi nyumbani kachunge ndama. Naona unacheka. Wa rika langu wote mkikumbushwa hii mnacheka, na wengine mmeshainua mkono kujaribu. Jaribuni tu, nani anawaona.

Mimi sikushika.

Na nilikuwa nimeshaachana nayo hiyo habari. Sisemi nilisahau. Ilikuwa imekaa tu mahali, kama lile jiwe la kusagia lililoko nyuma ya nyumba yangu, mashine zimekuja hakuna anayelihitaji, lakini halijaondoka. Sasa juzi hapa tumetoka Mbalibali, mimi na mkwe wangu, tunampeleka Bhoke hospitali Mugumu. Bhoke ni mtoto wa kwanza wa mwanangu. Yuko darasa la nne, ana akili, ana mdomo, ila hakui. Chacha anayemfuata amempita, amempita kabisa, wakisimama pamoja Bhoke anamfika Chacha begani. Mwalimu wake ndiye aliyesema mpelekeni akapimwe.

Daktari alikuwa binti tu, sawa na kitinda mimba wangu, akaniamkia vizuri shikamoo bibi, nikafurahi. Akamsimamisha Bhoke ukutani akampima. Akamkalisha kwenye stuli akampima tena. Akamwambia nyoosha mikono kama ndege, akapima. Halafu akachukua ile futi laini kama ya fundi cherehani, akaizungusha kichwani, juu ya masikio, akaivuta ikakaa sawa. Pale pale nikasikia kitu kinabana kichwa changu mimi. Sikujua kama nimeinua mkono, mpaka mkwe wangu akaniuliza, mama, kichwa kinauma? Nikamwambia hapana. Mkono wenyewe ulikuwa juu ya kichwa, unakwenda upande wa sikio.

Basi ndiyo ikarudi yote.

Kwetu nilikozaliwa ni upande wa Nyamongo. Ukienda leo utakuta mgodi, bodaboda, maduka, vumbi. Enzi zangu mlio mkubwa kuliko yote ulikuwa wa dume la ng'ombe la jirani. Mimi, Robhi, ndiye niliyekuwa mtoto wa kwanza wa mama yangu, kisha akaja Gati. Huyo Gati nimembeba mimi. Nilimbeba mgongoni mpaka miguu yake ikawa inaburuza karibu na chini, watu wanacheka wanasema haijulikani nani kambeba nani. Na mimi nacheka. Nilikuwa mtoto wa kucheka.

Mwaka wa kwanza tata, yaani baba yangu, alivaa koti lake akanipeleka mwenyewe. Nilifurahi, we acha. Mama alikuwa amenipaka samli mpaka nzi wananifuata njia nzima. Nikafika mbele ya mwalimu, nikapitisha mkono. Vidole vikaenda, vikaenda, vikaishia hapa utosini, vikakaa, kama mtu aliyefika njia panda hajui ashike ipi. Mwalimu akanisukuma kiwiko kidogo, hakuwa mkali. Vidole havikusogea.

Tata akaanza kumweleza kwamba huyu mtoto amezaliwa ule mwaka wa nzige, mama yake alivuna mtama wa kujaza kiganja, wazee wote wanajua. Mwalimu akamsikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Mzee, mtu anaweza kukosea mwaka. Mkono haukosei. Mkono wake ndio cheti chake."

Tata hakubisha. Kubishana na mwalimu siku hizo ilikuwa kama kubishana na radio. Njia nzima kurudi alikuwa anahesabu miaka kwa ng'ombe wake. Anasema yule mwekundu alizaa huyu akiwa hajazaliwa, hapana, alikuwa amezaliwa, labda nzige walikuja mara mbili. Mimi nilikuwa nyuma yake namsikiliza. Tulipofika nyumbani nilikuwa nimepungua mwaka mmoja.

Sasa nikuambie sura yangu ilivyokuwa, maana bila hiyo hutaelewa. Kioo hatukuwa nacho. Nilikuwa najiona kwenye maji ya mtungi. Nikiinama naliona kwanza paji la uso, kubwa, limejaa mtungi mzima, halafu macho, halafu pua na mdomo viko huko chini vimejikusanya pamoja kama vimeteleza vikashindwa kupanda. Kidevu karibu hakuna. Mama alikuwa anasema paji ni la mtu mzima, kidevu cha anayenyonya. Wenzangu wakaanza kung'oka meno, wanatupa juu ya paa, wanaota mengine mapana kama ya mbuzi. Mimi yale yale ya maziwa, madogo, yamepangana vizuri. Wanawake mtoni wakitaka kusema na mimi wanachuchumaa, wanalainisha sauti, wananiuliza mama yuko wapi. Na mimi nilikuwa najua kusuka kikapu, najua kukamua.

Nikajitafutia maana yangu mwenyewe. Nikajua kichwa ndicho chenye kosa. Chakula nikila kinapanda juu, kichwa kinakichukua chote, mikono inaambulia makombo. Na nikaamini kinafanya makusudi. Kila siku nilikuwa napima, asubuhi, kabla sijafungulia mbuzi. Nikiona vidole vimesogea kidogo nafurahi, baada ya siku kadhaa naviona viko pale pale, basi nasema kichwa kimejua, kimeongezeka. Sikio linakimbia, mkono unafukuza. Mtoto ana mambo.

Nilichofanya ni hiki. Nilikuwa nimeona gunia la ulezi, ukiliwekea kitu kizito juu linashuka, linakuwa fupi. Nikasema na kichwa nacho kitashuka. Kwa hiyo nikawa nawania mizigo. Maji, kuni, viazi, chochote cha kichwani nipeni mimi. Mama akanisifu kwa majirani, ameona binti amekuwa na bidii. Haikutosha, nikaanza kuweka jiwe. Nikitumwa mboga, chini ya kikapu naweka jiwe la mtoni, mboga naziweka juu. Shingo inauma mpaka mgongoni. Nikitua mzigo napima, najiona kama nimepata.

Siku moja mama aliniona naingia na kikapu cha mboga za majani, nahema kama ng'ombe wa jembe. Akashangaa mboga gani hizi. Akakipokea, kikamponyoka, jiwe likaanguka karibu na mguu wake. Akaniuliza jiwe la nini. Sikusema. Ningesemaje, mama napunguza kichwa? Akanitazama sana, akaanza kunishika mabega, akanishika shingo. Na yeye akapata maana yake. Akasema kumbe ndiyo sababu, kumbe mzigo ndio unaonishindilia chini, wanawake walishamwambia akapuuza.

Pale pale akanivua ngata, kile kikata cha majani cha kuwekea mzigo kichwani, akampa Gati. Akasema kuanzia leo huyu habebi kitu.

Wewe unaweza kuona ni huruma, na ilikuwa huruma. Lakini fikiria njia ya mtoni kwetu. Kila mwanamke na kila binti ana kitu kichwani. Asiye na kitu ni mgeni au ni mtoto anayefuata watu. Gati mbele na debe la maji, shingo imenyooka, mimi nyuma yake natikisa mikono mitupu. Hazikupita siku nyingi wageni wakija nyumbani wanamwambia Gati, mwite mdogo wako. Mwanzoni mama alikuwa anasahihisha. Halafu akachoka. Hata tata, hesabu yake ya ng'ombe ilikuwa imeshavurugika, akawa hana uhakika. Nilikuwa na mwaka wangu wa nzige peke yangu, na mimi nzige wenyewe sikuwaona.

Mwaka uliofuata tulikwenda wawili. Gati alikuwa mbele yangu. Akapitisha mkono, akalishika sikio, akalivuta kabisa mpaka mwalimu akasema inatosha, litakatika. Watu wakacheka. Akaandikwa. Nikaja mimi, vidole vikaishia kwenye nywele, hapa, juu ya sikio. Mwalimu akasema huyu bado.

Ukiniuliza nilijisikiaje, sina cha kukupa. Nakumbuka siafu walikuwa wanapanda mguu wa meza, mmoja amebeba mguu wa panzi. Nakumbuka jua lilikuwa kisogoni. Nilirudi nyumbani nikamwambia mama, Gati ameandikwa, kama vile ninavyomwambia mbuzi wameingia. Mama akasema haya, akaendelea kumimina unga. Sikulia, na siyo kwamba nilijikaza. Kulikuwa hakuna kitu. Umewahi kukalia mguu mpaka ukafa ganzi, unaugusa unaona ni wa mtu mwingine? Basi hivyo, ila siyo mguu.

Gati alipoingia shule alinionea huruma, maana Gati hakuwa na roho mbaya, msije mkamsema vibaya. Yeye ndiye aliyekuja na ujanja. Alisema watoto wengi wanapitaga hivi, laza kichwa begani halafu panua bega, mkono unaongezeka. Tukawa tunafanya mazoezi nyuma ya zizi. Anashika kichwa changu, anakilaza, ananivuta vidole mpaka vinalia. Karibu na mwezi wa kwanza wa mwaka wa tatu kidole cha kati kikagusa sikio. Ncha tu, lakini kiligusa. Gati akaruka, akaniambia tutakwenda wote, atanikalisha karibu naye, hata kama madarasa ni tofauti atakuja dirishani. Hapo ndipo niliitaka shule kweli. Kabla ya hapo nilikuwa naitaka kama mtoto anavyotaka kila alichokatazwa. Sasa nilikuwa nimekigusa.

Tukaenda wawili peke yetu, tata alikuwa mnadani. Gati amevaa sare, mimi gauni la mama lililokatwa. Mwalimu alikuwa yule yule. Nikalaza kichwa, nikapitisha mkono. Mwalimu akainuka, akashika kichwa changu kwa viganja vyote viwili, kimoja huku, kimoja huku, akakisimamisha kama anasimamisha nguzo. Mkono ukabaki huko juu. Hakunigombeza. Aliendelea kunishika kichwa, ananitazama uso, ananitazama sana, kama mtu anayesoma kitu kilichofutika. Halafu akamgeukia Gati.

"Gati, huyu mdogo wako ana miaka mingapi?"

Gati akanitazama. Watoto wote wako pale, mstari mzima, wanajua Gati ni nani, anajua kusoma, ni kiranja wa kufagia. Angesema huyu ni dada yangu, wangecheka mpaka jioni. Nilimwona anameza mate.

"Sita, mwalimu."

Mwalimu akaniinamia, akalainisha sauti kama wale wanawake wa mtoni. "Kweli, mtoto? Una sita?"

Na mimi nikatikisa kichwa, ndiyo.

Hapo nilikuwa nimefika kama kumi. Hakuna aliyenilazimisha. Mdomo ninao, na wewe unausikia huu mdomo ulivyo. Neno moja tu, tena mwalimu ameniuliza mwenyewe. Akanipa kipande cha chaki nikachezee nyumbani, akasema mwakani. Nikasema asante.

Mimi na Gati hatukuizungumza hiyo siku. Tulichimba viazi pamoja, tuliolewa, tukazaa, tukazika wazazi, hatukuizungumza. Alimaliza darasa la saba. Watoto wangu walimwita mama mkubwa, na wake waliniita mama mdogo. Tulipomzika Gati, kijana mmoja alisimama akasoma wasifu wa marehemu kwenye karatasi, akasoma kwamba alikuwa binti wa kwanza katika familia. Nilikuwa nimekaa mkekani na wafiwa. Mwanamke mmoja akaninong'oneza pole mdogo mtu. Nikamwambia nimepoa. Nikaendelea kutazama soli za viatu vya watu.

Utaniuliza, kwani mkono haukufika? Ulifika, ndiyo maana nakwambia hii habari inachekesha. Baada ya kama miaka miwili mifupa ikakumbuka kazi yake, nikarefuka ghafla, meno yakang'oka yakaota mapya, kidevu kikatokeza. Tata akavaa tena lile koti. Nikalishika sikio nikalizungusha. Kulikuwa na mwalimu mpya, akaniangalia juu mpaka chini, akaniambia fungua mdomo, akahesabu magego. Akamwambia tata huyu amepitiliza, huyu ni wa kuposwa, siwezi kumkalisha na watoto. Tata akacheka. Mwalimu akacheka. Na mimi nikacheka, mpaka leo nikisimulia nacheka. Nilikuja kujifunza jina langu kwenye ngumbaru, nikiwa na watoto watatu, nasoma kwa kidole.

Sasa turudi Mugumu. Yule daktari alipomaliza, akatukalisha, akaniambia mimi hasa, maana aliona nimemkazia macho. Alisema, bibi, kichwa cha mtoto huwa kinatangulia. Ubongo unakua mapema, unakisukuma, kwa hiyo kichwa kinakaribia kumaliza kukua mtoto akiwa bado mdogo. Uso hauna haraka hiyo. Taya, kidevu, vinakuja nyuma pole pole, vinafuatana na mikono na miguu. Sasa mtoto ambaye mifupa yake inachelewa, kichwa chake kinakuwa cha umri wake, lakini uso unabaki wa mtoto mdogo, paji linaonekana kubwa, meno nayo yanachelewa, na kila mtu anadanganyika. Akatuonyesha picha ya eksirei ya kiganja cha Bhoke. Akasema mifupa hii ukiiuliza inasema miaka saba, na mtoto ana kumi. Inawezekana ni kuchelewa tu kwa ukoo, atakuja kukua. Inawezekana kuna kitu mwilini kinapungua, na kina sindano zake. Akatuandikia twende Mwanza kwa wataalamu.

Nikamuuliza, "Kwa hiyo siyo kichwa kilichokosea?"

"Hapana, bibi. Hapo kwa Bhoke, kichwa ndicho kinachosema umri wake."

Nilisubiri kidogo nione kama kuna kitu kitakuja. Hasira, au furaha, au machozi. Watu wazima wanasema machozi yanakujaga. Hakikuja. Nikamuuliza choo kiko wapi.

Tukatoka. Mkwe wangu akabaki dirishani anashughulikia karatasi za Mwanza, mimi na Bhoke tukasogea kwa mama mmoja anayeuza chapati nje ya geti. Kumbe ni mtu wa Mbalibali, tunafahamiana kutoka kanisani. Akanisalimu, akampa Bhoke chapati, akamshika kidevu, akasema jamani huyu mrembo, ndiye yule mdogo wake Chacha?

Nikasema, "Eeh, ndiye."

Mimi. Kwa mdomo huu. Na siyo mara ya kwanza, ila siku zote nilikuwa sijisikii. Ni rahisi, unajua, ukisema ndiye watu wanaridhika wanaendelea na safari, ukisema hapana wanaanza maswali. Nikamtazama Bhoke. Alikuwa anatikisa kichwa, ndiyo, na tabasamu kabisa, kama mtu aliyeshazoea.

Nikamchukua tukakaa kwenye benchi la wagonjwa. Nikamsimulia yote, kama nilivyokusimulia wewe, ila yeye nilimsimulia bila vichekesho. Nilimwambia habari ya jiwe, ya ngata, ya mwalimu kunishika kichwa, ya Gati kumeza mate. Alikuwa anatafuna chapati pole pole. Nilipofika pale nilipotikisa kichwa, akaacha kutafuna.

"Kwa nini hukusema, bibi?"

"Sijui."

"Uliogopa?"

"Hata kuogopa sikuogopa. Nilikuwa nimeshaamini, nadhani. Siyo kwamba nina sita. Kwamba haidhuru."

Mama yake akatoka getini na karatasi mkononi, akatuita tuwahi gari. Bhoke hakuinuka. Alimeza chapati iliyokuwa mdomoni, akajifuta mikono kwenye gauni, akasimama mbele yangu. Nikiwa nimekaa hivyo, macho yetu yalikuwa sawa.

"Nakuahidi, bibi," akasema. "Mtu akiniita mdogo wake Chacha nitamwambia hapana, mimi ndiye mkubwa, nina miaka kumi, Chacha ana minane. Hata akiwa mwalimu." Akanitazama aone kama nimeelewa, akaona sijaelewa vizuri. "Hata ukiwa wewe."